Albamu Iliyojikwaa

Watu wakiniuliza ni nani aliyepiga ngoma kubwa katika albamu ya Leuza, ile iliyouza nakala milioni moja kabla hata Karnivali haijafika, huwaambia wakasome jalada. Kwenye jalada imeandikwa kwamba ngoma zote zimepangwa kwa kompyuta. Haya. Basi mimi ni kompyuta. Kompyuta ya miaka arobaini na tisa, yenye goti la kulia linalolalamika mvua ikikaribia, inayokanda unga wa mikate mtaa wa Garcia kuanzia saa kumi alfajiri.

Jina langu ni Marinalva, lakini jiji zima la Salvador linaniita Nalva. Leuza nilimshika mikononi siku ya ubatizo wake, akilia kwa sauti iliyomfanya padri aache kusoma na kuuliza kama mtoto ameumwa na mdudu. Ananiita Dinda, kama watoto wote wa huku wanavyowaita mama zao wa ubatizo. Mama yake alipofariki, Leuza alikuwa na miaka tisa, akahamia kwangu na mfuko mmoja wa nguo na sauti ileile. Nimemlisha, nimemsuka, nimemchapa alipostahili na mara moja asipostahili, na ni mimi niliyemfundisha kusimama mbele ya ngoma kumi na mbili bila kutetemeka.

Ngoma hizo ni za mtaani kwetu. Kila Jumapili alasiri tunakutana uani nyuma ya duka la vigae, tunapiga, watu wanacheza mpaka viatu vinakatika. Tuna desturi moja ambayo sijaiona kwingine: hatuhesabu. Tunamtazama kisigino yule anayeimba. Kisigino kikishuka, ngoma kubwa inashuka nacho. Akichelewa tunachelewa, akikimbia tunakimbia. Mwimbaji akiwa na huzuni siku hiyo, kisigino kinakuwa kizito, na ngoma inakuwa nzito. Nimepiga hivyo miaka thelathini na sikuwahi kujiuliza kama kuna njia nyingine.

Basi mwezi wa nane kampuni moja ya muziki ya Rio ikamsaini Leuza. Akasema haendi bila ngoma za nyumbani. Tukaenda watu sita, na mimi nikiwamo, nimevaa gauni la harusi ya mpwa wangu kwa sababu nilidhani studio ni mahali pa kuvaa vizuri. Kumbe ni chumba kisicho na dirisha, baridi kama friji ya bucha.

Prodyuza aliitwa Prates. Masikio alikuwa nayo, hilo simnyimi. Alimweka Leuza katika kibanda chenye kioo, sisi tukakaa upande wa pili. Kioo kilianzia kiunoni kwenda juu. Chini kulikuwa na mbao. Mimi sikulitilia maanani jambo hilo mpaka tulipofika kwenye wimbo wa "Timua Vumbi", ambao ndio uliokuja kuipa albamu jina.

Katikati ya wimbo ule ngoma zote zinanyamaza. Leuza anaimba peke yake, "Nishike bega," anavuta pumzi, kisha anamalizia, "nisianguke," na hapo kwenye "nisianguke" ndipo ngoma kubwa inapotakiwa kuanguka. Uani kwetu nimelipiga pigo hilo mara elfu. Lakini siku ile nikatafuta kisigino, sikioni. Naona mbao. Nikapandisha macho, nikaona bega la Leuza linainuka, na mkono wangu ukajiendea wenyewe. Nikapiga. Nikapiga kwenye pumzi, kabla ya neno.

Prates akasimamisha kila kitu.

"Mama, umeingia mapema."

"Nimeingia alipoingia yeye."

"Yeye hajaingia. Alikuwa anavuta pumzi."

"Miguu yake siioni. Mbao zimeziba."

"Miguu ya nini tena? Hesabu nne, halafu piga. Moja, mbili, tatu, nne."

"Sisi hatuhesabu."

"Kila mwanamuziki duniani anahesabu, mama."

"Basi mimi si wa duniani. Ni wa Garcia."

Wenzangu wakacheka. Prates hakucheka. Tukarudia. Nilihesabu kimoyomoyo kama mtoto wa chekechea, nikapiga kwenye nne, na ngoma ikakaa mahali pake sawasawa, ila Leuza akaimba kama anayesoma tangazo la msiba. Tukarudia tena, ikawa vilevile. Mara ya nne sauti yake ikaanza kukwaruza, na ilikuwa siku ya mwisho ya studio.

"Tutachukua ile ya kwanza," Prates akasema. "Sauti yake pale ni dhahabu, siwezi kuitupa. Ile ngoma ya mama tutaizima kwa mashine." Akamgeukia fundi wake, akaongeza kwa sauti ya kawaida kabisa, kama mtu anayeagiza kahawa: "Na Karnivali mtafute mpigaji anayeweza kufika nne."

Chumba kizima kilisikia. Leuza alisikia, alikuwa amesimama hatua mbili kutoka kwangu. Nikamtazama. Nilimlea mimi, nikangoja aseme neno, hata moja, hata "Bwana Prates, pole pole." Akainama akaanza kufunga kamba za viatu. Vile viatu havikuwa na kamba.

Nilipanda basi siku hiyohiyo. Rio hadi Salvador ni zaidi ya siku nzima njiani, na sikula kitu ila biskuti. Si kwamba nililia. Niliuma meno mpaka taya likavimba. Kwa Prates sikushangaa, yule hanijui. Lakini mtoto niliyemfundisha kusimama aliniona nikiangushwa akatazama chini. Hilo ndilo lililonikaa kooni, na lilikaa miezi sita.

Albamu ikatoka Oktoba. Wiki ya pili ilikuwa kila redio. Wiki ya sita wakampa diski ya dhahabu, mwezi wa kumi na mbili platinamu. Huwezi kupita dirisha bila kusikia Leuza, huwezi kusimama kwenye taa za barabarani bila gari la jirani kukupigia Leuza. Duka la mikate lilikuwa na redio juu ya rafu ya sukari, na Ivonete, tunayekanda naye, alikuwa na mkono mwepesi kwenye kitufe cha sauti.

"Nalva, wimbo wako huo!"

"Si wangu. Zima."

"Jamani, shoga, mtoto wako mwenyewe!"

"Nimesema zima, la sivyo nitaikanda na redio."

Akawa anapunguza. Lakini nilichokuja kukiona mitaani hakikuwa na kitufe. Jioni moja ya Desemba nilikuwa natoka kazini, watoto wa shule wamejipanga njia nzima, redio ya mtu inaimba. Ikafika pale. "Nishike bega," kimya, kisha ndu! ya ngoma, na watoto wote wakajikwaa. Wote kwa pamoja, kama waliopigwa ngwala, wakaenda mbele vichwa chini, kisha kwenye "nisianguke" kila mmoja akamshika mwenzake bega, wakainuka wakicheka mpaka machozi.

Nikasimama pale na mfuko wangu wa mikate, damu ikanipanda. Niliitambua ngoma ile. Mashine ya Prates haikuizima. Kosa langu lilikuwa limebaki ndani ya albamu, na sasa watoto wanalicheza. Niliwafukuza kwa mwavuli mpaka kona ya kanisa.

Kuanzia hapo nikawa naliona kila mahali. Makarani wa benki walijikwaa kwenye foleni. Trafiki wa uwanja wa Campo Grande alijikwaa na filimbi mdomoni. Jumapili kwenye televisheni mtangazaji mzima, mwenye suti, alijikwaa mbele ya nchi nzima akamshika bega mgeni wake, ukumbi ukalipuka kwa vicheko. Walikipa kijikwao kile jina, wakakitengenezea fulana. Mimi nilijua jambo moja tu: kuna mwanamke wa Garcia asiyejua kuhesabu mpaka nne, na nchi nzima imenunua ushahidi.

Leuza alipiga simu dukani mara tatu. Mara zote nilimwambia Ivonete, "Mwambie nina unga mikononi." Mara ya nne hakupiga.

Januari ikaja diski ya almasi. Nakala milioni moja. Mabango ya uso wake yakapanda mpaka kwenye ukuta wa hospitali. Majirani wakawa wananipongeza, nami nawaitikia kwa adabu, huku moyoni nawaza kwamba wakigeuka tu watajikwaa.

Jumatano kabla ya Karnivali kijana mmoja mwembamba, shati limepigwa pasi, akapita kaunta akaingia moja kwa moja jikoni.

"Shikamoo, Bibi Marinalva. Naitwa Wagner."

"Marahaba. Mikate inauzwa kule mbele."

"Sikufuata mikate. Mimi ndiye niliyechukua nafasi yako."

Ivonete akaacha kukanda. Mimi sikuacha. "Una roho ngumu, mwanangu," nikamwambia. "Kuja kujitambulisha hivyo kwa mtu aliyeshika kisukumio cha unga."

"Nipige ukishanisikiliza, mama."

Akatoa daftari. Ndani yake kulikuwa na mistari na tarakimu, kurasa nne nzima, zote kuhusu pigo moja. Alikuwa amelipima kwenye albamu kwa saa ya kusimamisha, mara sitini. Amesomea muziki chuo kikuu, ana cheti, mimi nilikiona baadaye na ni kikubwa.

"Nimelipiga pale pale lilipo kwenye albamu," akasema. "Sikosei hata kidogo. Lakini jukwaani halikai. Kila siku Leuza anaivuta ile pumzi kwa urefu tofauti. Mjini Feira de Santana nilipiga, yeye alikuwa bado hajavuta. Watu wakajikwaa, wakangoja neno, neno halikuja, wakaanguka kweli. Aracaju niliposubiri, ndiyo mbaya zaidi. Alishaimba, wale wa mbele wameshashikana, wa nyuma wanajikwaa kwa ngoma yangu, wakawavaa wa mbele. Wakanizomea, mama. Watu elfu ishirini."

"Na mimi ndiye nikusikitikie?"

"Hapana. Nakuomba unieleze unalipataje."

"Nalipataje nini? Lile ni kosa! Nchi nzima inanicheka kwa sababu yake, sasa na wewe umekuja na daftari!"

Wagner akanitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bahari imehama.

"Nani anakucheka?"

"Si wanajikwaa? Mpaka trafiki!"

"Mama, wanalisubiri," akasema taratibu. "Wimbo mzima wanasubiri pigo hilo moja. Nimesimama mbele yao, nimeziona nyuso zao. Wanashikana mikono kabla halijafika. Kuna wazee, kuna wanandoa. Wanajikwaa ili washikwe. Hakuna anayemcheka mtu. Wanachojua ni kwamba lile ndilo tamu kuliko yote kwenye albamu nzima."

Nilikaa kwenye gunia la unga. Ivonete alikuwa anafuta macho kwa mkono wenye hamira, mjinga yule, ikamuwasha akazidi kulia.

"Miezi minne nakwambia," akasema. "Miezi minne, shoga! Unaniambia zima!"

Nikamuuliza Wagner kama Leuza ndiye aliyemtuma.

"Hapana. Nilimwambia yeye aje. Akalia, akasema hana uso wa kukutazama."

"Uso anao. Ameubandika mji mzima."

Kijana akatabasamu kidogo, kisha akasema neno lililonifanya nianze kumpenda. "Jumapili nimepangwa mimi juu ya lori la muziki, lile la Karnivali. Ile nafasi ni yangu, mkataba unasema hivyo. Ninaweza kumpa ninayemtaka."

Nilimpa mikate sita, nikarudi kwenye unga wangu.

Siku tatu nilipigana na nafsi yangu. Nafsi moja inasema, nenda, ni pigo lako. Nyingine inasema, asiyekutetea chumbani usimwokoe barabarani. Jumamosi mchana, duka limefungwa, nikamwomba Ivonete aweke albamu yote, kuanzia mwanzo. Aliweka bila kusema lolote, na kwa Ivonete hilo ni tendo kubwa.

Tukasikiliza tumekaa juu ya meza ya kukandia. Ni nzuri, ile albamu. Kwa nini niseme uongo? Ni nzuri kuanzia wimbo wa kwanza, inakuinua kitini kabla hujajua. Ilipofika "Timua Vumbi" nikafumba macho. "Nishike bega." Kimya. Pigo langu, wamelififisha, lakini lipo. Na mara baada yake nikasikia kitu ambacho miguu ya watoto na kelele za mitaani zilikuwa zimenificha. Leuza alishtuka. Ngoma ilimfikia kabla hajawa tayari, na ile "nisianguke" ikamtoka kama ya mtu anayeanguka kweli, na katikati ya neno akatambua ni mimi, akatulia. Unasikia kabisa anatulia. Dhahabu ya Prates ilikuwa hiyo. Haikuwepo kwenye zile rekodi nyingine tatu kwa sababu kwenye zile nyingine hakuna aliyemgusa.

Nilijua basi kwamba sikukosea. Au nilikosea, na ndiyo kazi nzuri kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilifurahi mpaka nikaona aibu kufurahi peke yangu, nikamkumbatia Ivonete.

Jumapili saa nane mchana nikawa Campo Grande, malori ya Karnivali yanakoanzia. Jua la Februari halina mchezo. Lori la Leuza lilikuwa refu kama ghorofa lililolazwa, spika kutoka chini hadi juu, na nyuma yake kamba imezungushwa, ndani ya kamba watu wenye fulana za kundi, nje ya kamba kila mtu mwingine aliyezaliwa Salvador. Wagner alikuwa amesimama kwenye ngazi ya nyuma. Alinipa fulana ya wapigaji. Ilikuwa ndogo, ikanibana tumboni, sikujali.

Prates alikuwa juu ya ngazi.

"Mama," akasema, mpole kama kawaida yake, "leo si mahali pako hapa."

"Ni pangu mimi," Wagner akamjibu, "na nimempa yeye."

"Wagner, tuna televisheni. Nchi nzima inatazama. Je, akikosea?"

"Nitakosea, bwana," nikamwambia. "Si ndilo walilokuja kulisikiliza?"

Chini yetu watu walishaanza kutazama juu, na mtu mwenye akili hamsukumi mama mzima kutoka kwenye ngazi mbele ya Campo Grande. Akasogea. Nikapanda, mkono mmoja kwenye chuma, mwingine kwenye goti.

Leuza alikuwa mbele kabisa, ametupa mgongo, anapungia watu. Hakuniona. Lori likaanza kutambaa kwa mwendo wa mtu anayesindikiza mgeni. Nikakaa nyuma ya spika, Wagner akapiga nyimbo nne za kwanza, na nitasema ukweli, kijana anajua. Watu wakaruka. Lakini waliruka kama watu wanaotazama saa. Kila wimbo ukiisha wanauliza kwa mikono, bado? Mabango yameandikwa jina la ule wimbo. Wazee kwenye baraza za ghorofa wameshashikana mabega tayari.

Tukafika mbele ya jukwaa kuu, kamera zote zimetugeukia. Gitaa likaanza "Timua Vumbi", na sauti iliyopanda kutoka chini ilinipiga kifuani. Wagner akavua mkanda wa ngoma, akanivisha mimi. Uzito wake nilikuwa nimeukumbuka kuliko nilivyokuwa tayari kukubali.

Nilipiga ubeti wa kwanza kwa upole, ndani ya kelele za wenzangu. Leuza hakugeuka. Ngoma zikanyamaza.

"Nishike bega," akaimba.

Sijui barabara ile ya Avenida Sete ina watu wangapi siku ya Karnivali. Ninachojua ni kwamba wote walinyamaza. Muuza maji alikuwa ameshika sanduku la barafu kichwani, mguu mmoja hewani. Leuza alivuta pumzi, ndefu kuliko siku zote, pumzi ya mtu anayeogopa, akijua kwamba lazima pigo lije vibaya tena. Bega lake la kushoto likainuka.

Nikapiga.

Barabara nzima ikajikwaa. Kutoka Campo Grande hadi kule kwenye kona ambako huoni tena nyuso, vichwa vikaenda chini kwa pamoja, na mguu mmoja wa maelfu ya watu ukagonga lami, na lori likatikisika na mimi juu yake. Walioko kwenye baraza walijikwaa, askari walijikwaa, walioshika kamba waliiachia kamba wakajikwaa. Nilipiga kelele. Sikusema neno, nilipiga kelele tu, kwa sababu furaha nyingine haina maneno na mimi si mshairi.

Lakini "nisianguke" haikuja.

Leuza alikuwa amesimama, kipaza sauti kimeshuka hadi kiunoni. Watu wameinama, mikono iko hewani, wanangoja neno la kuwainua, na neno halipo. Nikamwona Prates anashika kichwa. Leuza bado hakugeuka. Alisikiliza, kama anayesikia mlango wa nyumbani unafunguliwa na hataki kuamini. Kisha akageuka, akazipa mgongo kamera, jukwaa kuu na nchi nzima, jambo ambalo mwimbaji wa lori halifanyi hata akiwa anaumwa.

Akaniona na fulana yangu ya kubana.

Alikuja taratibu, wapigaji wakampisha. Uso umelowa, rangi ya macho imemshukia mashavuni. Akainua kipaza sauti, na nikadhani ataimba.

"Pigo mnalolicheza," akasema, sauti ikapita kwenye spika zote, ikagonga majumba ikarudi, "si la kompyuta. Kwenye jalada tumewadanganya. Alilipiga huyu. Anaitwa Marinalva, wa Garcia, ndiye aliyenilea. Walimdharau mbele yangu kwa sababu ya pigo hili, na mimi nilinyamaza. Niliogopa wataninyima albamu. Nimechukua almasi kwa mkono huu, na mkono ulioipata niliuacha urudi kwa basi."

Kisha mtu mmoja, mwanamke, nadhani alikuwa Ivonete na atakana hadi kufa, akaita, "Nalva!" Na ikaenda. Nalva, Nalva, kutoka ghorofani, kutoka nje ya kamba, mpaka jina langu likawa halifanani tena na langu. Nilikanda mikate asubuhi ileile kwa mikono hii.

Leuza akashusha kipaza sauti, akasogea mpaka ngoma ikatugusa sote wawili.

"Dinda," akasema, sasa ni mimi peke yangu ninayesikia, "umenisamehe?"

"Watu wameinama, wewe msichana. Migongo inawauma. Imba."

"Niambie kwanza."

"Leuza."

"Naam, Dinda."

"Vuta pumzi."

Akavuta, ananitazama usoni, hakuna kioo wala mbao, miguu yote miwili naiona, na sikuitazama hata mmoja. Nikapiga. Akaanguka begani mwangu na "nisianguke" ikatoka pale, kwenye shingo yangu, ikapita kwenye kila spika, na Salvador yote ikainuka imeshikana.

Nilikuwa nimeshamsamehe tangu Jumamosi, juu ya meza ya kukandia. Hilo nilimwambia Jumatano ya Majivu, alipokuja dukani kuomba mikate. Siku nne nilimwacha ahangaike, na nilifurahia kila mojawapo.